Nywele za Kisogoni

Jumatatu, 3 Juni

Bahasha saba leo, zote za wanawake wa mwalo wa chini, pale Kerende. Mkasi umekuwa butu. Nakata kishungi kidogo kisogoni, karibu kabisa na ngozi, nafunga uzi, naandika namba. Majina hapana. Profesa anayenisimamia chuoni hataki majina.

Wameniuliza lile lile la mwaka jana: utazirudisha? Nimesema nitazirudisha. Hapa nywele za mtu haziachwi ovyo, zikiangukia mikono mibaya mwenye nazo ameisha. Watafiti wawili waliokuja kabla yangu waliondoka na bahasha tupu. Mimi nimepewa kwa sababu moja tu, nyimbo zangu zinapigwa kwenye spika za bodaboda. Mama Ghati, anayeongoza wenzake pale mwaloni wanapooshea mchanga wa dhahabu, alisema mwaka jana mbele ya wote: "Huyu ndiye Robhi yule anayeimba. Mpeni." Shahada zangu mbili hazikutajwa.

Mabaki ya nywele za mwaka jana ninayo kwenye begi. Profesa alisema yateketezwe. Mimi nikayabeba. Bado sijayatoa, maana atakayepokea ataniuliza zimesema nini, na mimi sijui. Maabara hawajajibu.

Jioni gitaa dakika kumi. Kamba ya tatu imekatika. Za akiba nimezisahau kule ng'ambo ninakosoma, kwenye baridi, juu ya friji. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Juni

Barua pepe ya Profesa. Ndefu. Nusu anaulizia bahasha, nusu ananisema. Ameona mtandaoni kwamba nilitoa wimbo mwezi wa tatu, wakati sura ya pili ya tasnifu haijamfikia. Anasema itabidi nichague. Kasema kwa upole, na huo upole ndio unaonichefua. Yeye anafuga nyuki. Asali anauza humo humo ofisini. Sijasikia mtu amemwambia achague.

Kule ni mwanafunzi anayeimba. Huku ni mwimbaji anayekata watu nywele. Kote naonekana niko pungufu.

Mwisho wa barua kuna kiambatisho. Matokeo ya mwaka jana! Simu ikazima kabla hakijafunguka. Umeme hakuna tangu asubuhi. Mgodi mkubwa wa jirani unawasha taa mchana kweupe, sisi hatuna pa kuchaji simu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefungua.

Mchoro wa zebaki iliyomo kwenye nywele una mstari mwekundu. Chini yake ni salama, juu yake si salama. Nilitegemea wachache watakuwa juu. Wako juu karibu wote wa mwaloni.

Namba 7 imewapita wengine. Namba 7 ni Mama Ghati. Anayemfuatia ni namba 12, naye ni Bhoke, mke wa mwanawe. Bhoke ana mimba ya miezi mitano.

Na Bhoke ndiye anayechoma. Wenzake wanachanganya mchanga na zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu, wanaikamua kwa kitambaa, kile kidonge kinachobaki wanampa yeye. Anakiweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa. Jikoni kwake, mlango kafunga upepo usimsumbue. Zebaki inageuka moshi, dhahabu inabaki. Moshi unaingia kwa Bhoke.

 Chini ya mchoro Profesa ameandika: si wa kusambazwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Profesa. Bando la wiki nzima limekwenda kwenye simu moja.

Jibu: matokeo ya mtu mmoja mmoja hayatolewi mpaka makala ichapishwe. Lini? Mwakani, mambo yakienda vizuri. Nikamwambia kuna mjamzito. Akasema anaelewa kabisa, lakini kamati ya maadili ndivyo ilivyopitisha, na tukiwatia watu hofu kwa namba ambazo hazijahakikiwa tutaharibu kila kitu. Nikivunja utaratibu, ufadhili wangu utaangaliwa upya.

Maadili! Mtoto wa Bhoke atakuwa ametambaa, ametembea, wao bado wanapanga koma na nukta.

Kinachonikera zaidi ni ile fomu ya ridhaa waliyosaini wanawake. Nimeisoma tena. Kifungu cha nane kinasema hivyo hivyo. Kiswahili chake kizuri, kimenyooka. Niliitafsiri mimi. Wengi waliweka dole gumba na Mama Ghati akanishukuru.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Bhoke alikaa benchi la mbele yangu. Kisogo chake nilikuwa nakiona ibada nzima. Pale nilipokata mwaka jana pameshaota.

Nje akanishika mkono, akaniuliza wimbo mpya lini. Nikasema karibuni. Nikamuuliza hali. Akasema mtoto anacheza sana, atakuwa mchezaji ngoma. Nikacheka. Nimecheka!

Sina hasira na Profesa peke yake leo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata! Hakuna kifungu kinachokataza kuimba.

Wimbo hauna namba, hauna jina la mtu. Wimbo si matokeo. Kamati ikae huko na karatasi zake, mimi nitaipeleka habari hii mpaka jikoni kwa Bhoke na hakuna atakayenishika. Walisema nichague. Sichagui. Nitatumia kimoja kubeba kingine.

Kiitikio kimekuja nikiwa nafua, zebaki nimeiita maji ya fedha:

Maji ya fedha, niachie mkono,
Unang'aa sana, moyo wako mweusi.

Nimeandika kwenye mgongo wa fomu. Stahili yake.

Alhamisi, 13 Juni

Nyambureti, kuchukua nywele za kulinganisha. Hapa hawachimbi, wanalima. Mwaka jana wote walikuwa chini ya mstari.

Nimefikia kwa shangazi. Analalamikia tembo, wamekula mahindi nusu shamba. Nikamwambia pole. Moyoni nikasema angalau tembo anaonekana akija, mtu anapiga debe.

Ubeti wa pili umekamilika nikisubiri pikipiki ya kurudi.

Jumamosi, 15 Juni

Tumerekodi chumbani kwa kaka Marwa. Magodoro mawili ukutani, blanketi mlangoni, shemeji na watoto wamefukuzwa mpaka kwa jirani. Kamba ya tatu tulinunua Tarime mjini, si ya gitaa langu lakini imekubali.

Marwa ana bodaboda. Kila wimbo wangu yeye ndiye anauingiza kwenye flashi za wenzake pale kituoni Nyamongo. Alisikiliza mara tatu akatikisa kichwa. "Mtamu mno huu, dada. Mtu atasikia utamu, maneno yatampita."

Nikamwambia aendeshe pikipiki, muziki aniachie mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Umeshika. Umeshika kweli. Kituoni wanaupiga, kwa kinyozi wanaupiga, kwenye maduka ya vipuri wanaupiga. Marwa anasema umevuka mpaka Sirari, upande wa Kenya wanauomba.

Sina meneja. Sina lebo. Sina studio. Nina magodoro mawili na kaka mwenye flashi. Nimemwandikia Profesa barua fupi kwamba bahasha zinaendelea vizuri, nikatia alama ya mshangao.

Kichwa kimevimba leo, najua. Kiache kivimbe siku moja.

Jumanne, 25 Juni

Nimekwenda mwaloni kuona kazi ya wimbo wangu.

Waliponiona wakaanza wenyewe kuuimba, hata simu hawakuwasha. Wameutungia na mtindo. Kwenye "niachie mkono" mkono unazungushwa chini, duara kubwa, polepole, kiuno kinafuata. Nikadhani ni mchezo tu. Kisha nikatazama vizuri. Ni kukoroga karai. Wanakoroga zebaki kwa mkono mtupu, kwa mapigo yangu. Mama Ghati akaniambia kwa furaha kwamba siku hizi kazi inakwenda haraka, mkono hauchoki ukiwa na wimbo.

Bhoke naye alikuwa anacheza. Mkono mmoja ndani ya karai, mwingine ameshika tumbo.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 26 Juni

Na hili lilikuwa halijanipata.

Muuza zebaki pale senta ameweka spika mlangoni. Anaupiga wimbo wangu mwanzo mwisho, ukiisha anaurudia. Nimeingia. Nimemuuliza anajua wimbo unasema nini? Akasema anajua sana, maji ya fedha si ndiyo anayouza? "Dada, watangazaji wanadai hela. Wewe umenitangazia bure. Ubarikiwe."

Akanifungulia soda. Nilikuwa na kiu nikainywa, aibu yangu. Kizibo hakunipa. Alikipangusa akakiweka mezani na vingine. Ndivyo anavyopimia zebaki.

Ijumaa, 28 Juni

Siku mbili sijatoka. Namlaani muuza zebaki. Namlaani Profesa na nyuki wake. Nimezunguka nimerudi pale pale.

Hakuna aliyenilazimisha kuimba. Nilikuwa na habari ya mtu mmoja, ya mwili wake, nikaipaka sukari nikaitupa barabarani aokote anayetaka. Nikajiita jasiri. Woga ndio ulionifanya niimbe. Niliogopa kupoteza kiti changu kule, na niliogopa nyuso zao huku.

Nimemwandikia Profesa mistari mitatu. Nimesema kesho nawaambia wanawake, kila mmoja matokeo yake, na sababu. Nimetuma kabla sijaisoma mara ya pili.

Jumamosi, 29 Juni

Nimeacha gitaa nyumbani. Nimebeba begi la bahasha.

Niliwaita mmoja mmoja kando, nyuma ya lundo la mawe. Kwa Kikurya. Nilichora mstari chini kwa kijiti, nikaweka jiwe: hapa ndipo ulipo. Nikasema zebaki inaingia kwenye mwili, inakaa, inamfikia mtoto tumboni. Nikasema sina dawa. Nikasema nimejua tangu tarehe sita.

 Mmoja alinitukana vizuri sana. Wawili walisema nautumikia mgodi, kwamba tunataka kuwatoa mwaloni. Bhoke alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: kama akiacha leo, kiwango kitapungua? Nikasema kitapungua, polepole. Kwa mtoto sijui. Nilisema hivyo hivyo, sijui. Akavua kanga begani akajifunga tumboni, akaenda.

Mama Ghati nilimwacha wa mwisho. Nilimwamkia shikamoo akaitika. Alitazama jiwe lake lilivyo mbali na mstari. Akasema taratibu:

"Ulipotaka nywele ulikuja ukaongea. Ulipokuwa na habari ukaimba."

 

Jumatatu, 1 Julai

Profesa amejibu. Kikao tarehe kumi. Nisikusanye bahasha nyingine mpaka nielekezwe. Neno "masikitiko" mara mbili. Hakuuliza kama Bhoke ameacha kuchoma.

Nimekwenda kumtazama mwenyewe. Hachomi. Lakini kijiko kimehamia kwa jirani yake, na jirani ana watoto watatu jikoni. Nimekaa naye, nimerudia maneno yote. Amesema mume wake yuko chini kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, tangu Ijumaa, yeye atakula nini? Nimekasirika tena, na safari hii sikumpata wa kumkasirikia. Tumekubaliana angalau achomee nje, upande ambao upepo unaondoka, watoto wakiwa mbali. Ni kidogo. Marwa ameahidi kumpelekea bati la kukinga jiko.

Wimbo nimewaomba wa kituoni waufute. Wamecheka. Wimbo ukishatoka haurudi kama mbuzi.

Jumatano, 3 Julai

Mama Ghati ameniita nyumbani kwake. Asubuhi, kabla ya mwaloni.

Alitaka nywele zake. Nilimpa bahasha namba 7 ya mwaka jana. Alifungua, akazihesabu kwa macho, akachimba kishimo nyuma ya ghala kwa jembe dogo, akazifukia mwenyewe, akakanyaga. Kisha za Bhoke, pembeni yake. Wengine watakuja kuchukua zao, alisema, nisizitembeze barabarani.

Tukanywa uji. Akasema atavaa mifuko ya nailoni mikononi. Si glavu, lakini nitatafuta glavu. Akasema mwalo hauachi, hana shamba lingine.

Halafu akauliza, na zako zilisema nini?

Nikamwambia zangu sijapima. Akashangaa. Mama yangu alichoma dhahabu jikoni miaka yote ile, nikiwa mgongoni mwake. Mama Ghati anakumbuka, walikuwa wakiazimana kijiko. Miaka miwili nimekata nywele za watu, za Kerende na za Nyambureti, na kila siku nimekuwa na sababu ya kutojikata.

Hakunisema. Alinyoosha mkono. Nikampa mkasi, nikamwonyesha pa kukata, nikainama. Mkasi butu ulivuta kidogo. Alifunga uzi vizuri kuliko mimi.

Kwenye bahasha nimeandika jina langu.