Siku Niliposema Chumvi

Mama Louise wetu wa ukurasa wa ushauri, naomba unisikilize mpaka mwisho mbele ya kunigombeza, maana kunigombeza utanigombeza tu, najua, nimesoma majibu yako miaka mingi, hata yule mama wa Bunagana aliyemudanganya bwana yake juu ya mbuzi ulimuchapa maneno mpaka mimi nilimuonea huruma.

Niko na miaka cinquante-trois, hamsini na tatu, naishi Ndosho, na jina langu la ubatizo ni Séraphine, lakini ukimuulizia Séraphine hapa kwetu hakuna atakayekuonyesha mulango, uulizie Mama Blesé. Jina hilo linatoka kwa kazi yangu. Mimi ndiye mugonjwa wa mufano wa watu wa ambulansi, maana wakikuja katika quartier, mutaani kwetu, kufundisha namna ya kumusaidia mutu aliyeumia, lazima mumoja alale chini, apakwe damu ya uongo, alie kama blesé wa kweli, majeruhi, na huyo ni mimi, tangu mwaka 2009.

Acha nikuelezee kidogo siku zile, juu siku hizi nikizikumbuka machozi yanatoka bila kuitwa. Ambulansi ilikuwa moja tu, mulango wa nyuma unafungwa na kamba ya mupira, na formateur, mwalimu wetu, alikuwa marehemu Papa Zihindula, mutu wa kabila la Bashi kutoka Walungu, mutu mufupi mwenye filimbi shingoni, mukali kwa kazi na mupole kwa watu. Jumamosi asubuhi tulikuwa tunajitengeneza nyuma ya parokia, unga ya muhogo usoni ili nionekane nimeishiwa damu, na tomate ya mukebe kwa muguu, na mafuta ya mawese kidogo ili isikauke haraka, na siku moja tomate iliisha nikaleta sosi iliyobaki nyumbani, Papa Zihindula akainama akanusa muguu wangu akasema, «Mama Séraphine, damu ya mutu haina kitunguu.» Tulicheka mpaka filimbi ikamuanguka.

Yeye ndiye alinifundisha kulia. Kilio cha muguu si kilio cha tumbo, alisema, muguu unapiga kelele, tumbo linanung'unika. Nilikuwa nalala pale juu ya mawe meusi ya volkano, watu wanajaa, wamama wa soko na vikapu vyao, motards wa pikipiki, wenye chukudu zao za mbao za kubebea muzigo, na Papa Zihindula anawaonyesha kwamba mutu aliyeumia havutwi kwa mikono, na hakunjwi katikati ya watu wawili juu ya moto, yaani pikipiki, kama gunia ya viazi, na watoto wanaimba jina langu. Mara moja nilirudi nyumbani bila kunawa, nikapanda moto, motard akanitazama katika kioo, akasimamisha, akakimbia na miguu yake akaniachia moto pale pale barabarani. Mama Louise, siku zile zilikuwa tamu. Tulikuwa hatuna kitu lakini tulikuwa tunajua kila mutu ni nani.

Sasa nikuambie neno lenyewe, juu shida yangu yote imekaa ndani ya neno moja. Siku ya kwanza kabisa Papa Zihindula aliniambia, «Mama, wewe kazi yako ni kulia nakufa, nakufa. Siku utaumwa kweli utasema nini, na nani atakusadiki? Tutafute neno. Mutu aliyevunjika muguu anaomba maji, anamuita mama yake, anamuita Mungu, lakini sijasikia hata mumoja akiomba chumvi. Ukiumwa kweli sema chumvi, nami nitapiga filimbi, muchezo umeisha.» Miaka yote sikulisema hata siku moja, lilibaki kichekesho chetu wawili, alikuwa akipita karibu yangu nikiwa chini ananong'ona, «Chumvi iko?» nami nanong'ona, «Haiko, Papa, endelea.» Halafu Papa Zihindula akafariki, mwaka wa tatu huu, na mimi neno lile sikumupatia mutu mwingine, sijui kwa nini, niliona kama ni lake.

Formateur mupya anaitwa Fortunat, si mutu mubaya, amesoma sana, kila kitu anaandika katika karatasi, na amekuja na mudoli mukubwa wa plastiki, mwenye kifua cha kusukuma, analala ndani ya sanduku lake pale bureau, ofisini, na vijana wanasema kwa kucheka kwamba huyo mudoli hachoki na haombi chai, na mimi nacheka nao lakini tumboni sicheki.

Mwaka jana infirmier, muuguzi wa kituo cha afya, aliniambia niko na sukari. Akanipa vidonge, akaniambia nikivimeza lazima nikule. Kazini sikumuambia mutu, nilijua wataniondoa.

Basi ikafika siku ya examen, mutihani wao, pale Ndosho karibu na soko, mbele ya watu wote, wanafunzi vingt, ishirini, na anayefaulu anapewa brevet, cheti chake, na kupanda ambulansi kama secouriste wa kweli, mutu wa huduma ya kwanza. Asubuhi ile nilimeza kidonge na sikukula, juu nilichelewa kutengeneza damu yangu. Nililala chini, mufano wa siku hiyo ni kwamba chukudu ya makala, makaa ya kupikia, imenigonga, muguu umevunjika, na zamu ilikuwa ya binti mumoja wa Katindo, Aksanti, mutoto wa mujane, alikuwa ananifunga vijiti kwa muguu, na katikati ya kulia nikasikia mikono inatetemeka yenyewe, jasho baridi, ulimi unakuwa muzito, macho yanaona ukungu, nikajua hii si ya muguu. Nikasema chumvi. Watu wakacheka. Nikasema tena, chumvi, chumvi, wakacheka zaidi, Mama Blesé leo anataka kupika, na Fortunat akaandika kitu katika karatasi yake.

Ni Aksanti tu hakucheka. Aliacha vijiti, akanitazama uso, unga yote imelowa jasho imekuwa bugali, akaniuliza kwa sauti ndogo, «Mama, umekula?» Nikatikisa kichwa. «Uko na sukari?» Nikaitika. Akamupigia kelele mama wa butiki alete Fanta, akanikalisha, akaninywesha pole pole, na Fortunat akaja mbio, «Mugonjwa wa muguu kuvunjika hapewi kinywaji! Hata ukurasa wa kwanza hukusoma?» Naye akajibu, «Formateur, huyu hachezi tena.»

Baada ya dakika kadhaa macho yakafunguka. Watu wamenizunguka, soko lote, na Fortunat amepiga magoti anauliza, na aliniuliza kwa upole, siwezi kumusingizia, «Mama Séraphine, ulikuwa unaumwa kweli?» Na mimi, Mama Louise, na ile haya, na yule mudoli ninamuona ndani ya sanduku lake, nikasimama nikapangusa kitenge nikasema, «Hapana, nilikuwa nacheza.»

Wakanipigia mikono. Hawajawahi kunipigia mikono vile. Aksanti alifunga kifuniko cha ile Fanta akaiweka karibu na mukono wangu, akaondoka. Fortunat akamuandikia sufuri, amevuruga mazoezi na amemunywesha mugonjwa asiyepaswa kunywa. Wengine wote walifaulu, yeye peke yake alianguka.

Sasa Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe, wale dix-neuf, kumi na tisa waliofaulu, watapewa brevet zao, na mimi nimeandikwa kupewa brevet ya heshima kwa miaka yangu yote, na wamesema niseme maneno machache mbele ya wakubwa. Aksanti anauza makala na mama yake kule Katindo. Napita pale nikienda kwa dada yangu, na kila mara ananisalimia, «Mama, umekula?» Tena hanichokozi, anauliza kweli. Heri angenitukana.

Nikisema ukweli, kazi yangu imeisha, mudoli atalala nafasi yangu, na mimi bila kulala pale chini ni nani? Nikinyamaza, nitapokea karatasi kwa mikono iliyomuibia mutoto wa mujane karatasi yake. Nifanye nini, Mama Louise, nimechoka kulia peke yangu, na safari hii si mazoezi.

Ni mimi, Mama Blesé wa Ndosho

*

Mama Louise anajibu

Mama Séraphine, nakuita kwa jina la ubatizo, juu yule Mama Blesé ndiye amekuponza.

Pole kwanza. Sukari ni muzigo, na kuuficha ni muzigo wa pili. Tena nikuambie siri: mimi nimekuona. Ni zamani, pale uwanja wa parokia, sikujua ni mazoezi, nilivua kitenge changu cha juu nikakimbia kukufunika, na mufupi mumoja mwenye filimbi akanirudisha nyuma kwa adabu yote. Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa kudanganywa. Lakini miaka miwili baadaye, jirani yangu alianguka kwenye ngazi, na mimi ndiye niliyewakataza watu kumuvuta kwa mikono. Leo anatembea. Kwa hiyo usifikiri sijui unalilia nini. Siku zile zilikuwa nzuri na Papa Zihindula alikuwa mutu. Kuzikumbuka si zambi.

Sasa nikugombeze, ulisema mwenyewe nitakugombeza tu.

Miaka yote hiyo umelala juu ya mawe ili Ndosho ijifunze kutomuacha mugonjwa. Mutoto mumoja akajifunza vizuri kuliko wote. Hakukuacha. Alisikia neno ambalo hakuna aliyemufundisha, akajiuliza blesé anatafuta nini na chumvi. Na wewe, mwalimu wake, ulisimama ukapangusa kitenge ukamugeuza mujinga mbele ya soko. Aka, Mama! Wanasema mficha maradhi kilio humufichua, lakini kwako kilio kilikuja, watu wakakipigia mikono, na wewe ukainama kushukuru.

Na hilo neno. Neno la kuokoa linalojulikana na watu wawili, mumoja akienda kaburini, limebaki la nini? Unasema uliona ni lake. Hapana, alikupatia ulilinde, hakukupatia ulizike naye. Fortunat ulipaswa kumuambia siku ya kwanza. Usimulaumu kwa sufuri ile, yeye alikuuliza kwa magoti na akaandika ulichomujibu.

Basi sikiliza. Usingoje Jumamosi ya sherehe. Ukimwaga ukweli mbele ya wakubwa bila kumuonya Fortunat, utakuwa umefanya mazoezi mengine tu, watu watalia, utapigiwa mikono tena, naye atapata haya isiyo yake. Leo hii unaposoma gazeti, shuka Katindo. Usiende na sabuni wala sukari wala maneno marefu. Mwambie Aksanti, mama yake akiwa anasikia: uliniokoa, na mimi nilikudanganyia. Halafu nyamaza, umuache aseme anachotaka, hata kikiuma.

Kesho yake muende wote wawili bureau kwa Fortunat. Beba karatasi ya kituo cha afya na vidonge vyako, uviweke juu ya meza yake. Mwambie kila kitu tangu kidonge mpaka Fanta, na uombe examen ya Aksanti itazamwe upya, iandikwe alichokifanya kweli: alimutambua mugonjwa wa kweli kati ya watu mia waliokuwa wanacheka. Kama kuna karatasi nyingine inayostahili brevet, mimi siijui.

Watakuondoa? Inawezekana. Sitakudanganya, umeshadanganywa vya kutosha na wewe mwenyewe. Wakikuondoa utaondoka, na itauma. Lakini mbele hawajasema, wewe sema hivi: kule Ndosho ni wangapi wanaanguka na jasho baridi sokoni, na watu wanasema amelewa, au amerogwa? Nani aliwahi kuwaonyesha? Wewe unajua mikono inatetemeka namna gani, ulimi unakuwa muzito namna gani. Mudoli wa plastiki atavumilia kusukumwa kifua mpaka jioni, lakini hatoki jasho, na hata mumuchape hatasema chumvi. Kuwa na sukari hakukukatazi kazi hii. Kuificha ndiko kumekukataza.

Na brevet yako ya heshima, kama bado wanakupa baada ya hayo yote, ipokee kwa mikono miwili. Ukipewa nafasi ya kusema, usieleze maisha yako. Taja jina la Papa Zihindula, taja la Aksanti, uwafundishe wote neno lile, wakubwa pia, kisha ukae chini.

Asubuhi hiyo ukule mbele ya kutoka. Si chai tupu, nakujua, ukule chakula. Na Aksanti umukalishe kiti cha karibu yako, awe na brevet au hana, na umufundishe lile swali la Papa Zihindula. Ukimuona anakuinamia ananong'ona, «Chumvi iko?», safari hii mujibu ukweli.