Flashi Niliyoichomeka kwa Mkono Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Humam bin Saud bin Bakhit
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi wa kompyuta
Makaazi: Hamriya, Maskati
Tarehe na saa: Jumapili, 9 Novemba 2025, saa tano na dakika kumi asubuhi
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimeelezwa na afisa kwamba ninayoyasema yataandikwa na yanaweza kusomwa mahkamani. Nimekubali.

Nina duka la kutengeneza kompyuta Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi. Tunaliendesha watu wawili, mimi na Badr. Badr ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na tangu hapo alilelewa nyumbani kwetu. Tulilala chumba kimoja mpaka siku nilipooa. Duka tulilifungua pamoja miaka tisa iliyopita.

Kazi tumegawana. Badr anakaa dukani, mimi nakwenda majumbani. Wateja wangu wengi ni watu wazima wa familia zetu zilizotoka Unguja na Pemba. Hawapendi kubeba kompyuta mpaka dukani, na wanapenda fundi wa kuzungumza naye Kiswahili. Matatizo yao ni yale yale. Kompyuta imekuwa nzito, nakuta kuna programu ishirini zinajifungua zenyewe kila ikiwashwa. Inazimika ghafla, nafungua nyuma nakuta feni imeziba vumbi. Matangazo yanaruka kwenye kioo, nakuta mtu alibonyeza mahali alipoambiwa ameshinda simu.

Nikimaliza hukaa na mwenye nyumba kidogo nikamfundisha. Namwonesha namna ya kuzitupa barua pepe za utapeli kwenye kapu lake ili zisirudi. Namwambia asifungue faili alilotumiwa na mtu asiyemjua, asimpe yeyote namba ya siri inayoingia kwenye simu, na akipigiwa na mtu anayedai kompyuta yake ina virusi, akate. Mwisho huwaambia wote neno moja: ukiwa na wasiwasi usimsikilize mtu, nipigie mimi. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Kwa kusafisha kompyuta natumia flashi ya rangi ya buluu yenye programu ya kutafuta virusi. Tangu mwanzo wa mwaka jana flashi hiyo anaitayarisha Badr. Alisema mimi nimechoka na safari za majumbani, yeye atakuwa anaiwekea programu mpya kila wiki. Nilishukuru. Sikuwahi kuikagua.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilifika nyumbani kwa Bi Shariffa hapa Hamriya. Bi Shariffa ana miaka sitini na tisa, alikuwa mwalimu, sasa amestaafu. Mumewe, Mzee Marhoon, alifariki mwaka juzi. Mwaka wake wa mwisho, akiwa hawezi tena kutoka, Mzee Marhoon alikuwa akikaa mbele ya kompyuta kila asubuhi akijirekodi sauti. Aliwahadithia wajukuu utoto wake Wete, majina ya watu, nani alimuoa nani, na namna walivyofika Maskati. Rekodi zilikuwa arubaini na tatu. Naijua idadi yake kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kurekodi, na mimi ndiye niliyezipanga kwa tarehe baada ya msiba.

Siku hiyo Bi Shariffa alilalamika kompyuta nzito na barua pepe za utapeli nyingi, nyengine zimeandikwa kama zimetoka benki. Nilichomeka flashi, nikaisafisha, nikazifungia zile barua. Alinihadithia kwamba anaogopa kompyuta itakufa na sauti za Marhoon ndani yake. Nikamwambia dawa ipo, nikamletea kutoka kwenye gari diski ya nje ya kuwekea nakala. Nikaichomeka, nikainakili folda nzima, na nikamwambia asiichomoe, kila siku itajinakili yenyewe. Hapo nilikosea. Diski ya nakala ikishamaliza kazi huchomolewa ikawekwa kabatini. Nalijua hilo miaka yote. Nilitaka kumpunguzia kazi. Niliondoka saa tano na nusu baada ya kunywa kahawa.

Mnamo tarehe 5 Novemba, siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, Bi Shariffa alinipigia simu. Alisema kioo kimekuwa chekundu na kuna maandishi. Nilifika baada ya robo saa. Maandishi yalisema mafaili yote yamefungwa na hayatofunguka mpaka alipie, na kulikuwa na anuani ya kuandikia. Niliangalia folda ya rekodi. Majina yote yalikuwa yamegeuka, hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Niliangalia diski ya nje. Kwa kuwa ilikuwa imechomekwa, nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Bi Shariffa aliniuliza kama alibonyeza kitu kibaya. Aliniapia kwamba amefuata kila nilichomwambia, hakufungua faili la mtu, hakumpa mtu namba. Alikuwa anaomba radhi. Nilimwambia hana kosa na nitaichukua kompyuta dukani tuitazame.

Huyu hakuwa mteja wa kwanza. Tangu Ramadhani nyumba tisa ninazozihudumia zilipata balaa hilo hilo. Kila mara Badr alisema tumletee mashine, na kila mara baada ya siku tatu nne aliifungua, na mwenye kompyuta akalipa malipo makubwa kuliko ya kawaida. Mimi nilijivuna naye. Niliwaambia watu kwamba ndugu yangu ni fundi ambaye mfano wake Maskati nzima haupo. Kwa hiyo niliamini na hii ataifungua.

Mnamo tarehe 6 Novemba, siku ya Alkhamisi, saa mbili asubuhi, Badr alikuwa hajafika dukani. Nilianza kuikagua kompyuta ya Bi Shariffa nijue ugonjwa uliingilia wapi. Nilikuta programu ngeni iliyojificha. Iliingia tarehe 14 Oktoba, saa nne na dakika thelathini na nane asubuhi, kisha ikalala wiki tatu. Nina daftari ninaloandika kila nyumba ninayoingia, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Saa nne na dakika thelathini na nane nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ile, Bi Shariffa yuko jikoni anatia kahawa.

Nilidhani nimekosea kusoma. Kulikuwa na kompyuta nyengine mbili za wateja dukani, zilizokwishafunguliwa zikisubiri kuchukuliwa. Nilizikagua. Programu ile ile, na saa zake zote mbili zimo ndani ya daftari langu. Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Badr alipokuja alileta chakula cha watu wawili kama kawaida yake. Nilikula. Sikumwambia kitu kwa sababu bado nilikuwa natafuta njia nyengine ya kulieleza jambo lile.

Mnamo tarehe 8 Novemba, siku ya Jumamosi, asubuhi nilichukua kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao, nikaipeleka nyumbani kwangu, nikaichomeka ile flashi ya buluu. Ndani mlikuwa na programu ya kusafisha, na nyuma yake nyengine imefichwa. Nilipoiwasha ya kusafisha, ya pili ilijipandikiza yenyewe bila ya kuonekana. Nilirudia mara tatu.

Siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri, nilimkuta Badr dukani peke yake. Niliiweka flashi mezani na kumuuliza hii ni nini. Aliitazama, hakuikana. Alinyanyuka akafunga mlango wa kioo na kugeuza kibao kuonesha tumefunga. Nilimuuliza kwa nini. Alisema miaka tisa watu wananijua mimi, wanachinja wananiita, wanazaa wananiita, na yeye hakuna anayemjua ila kama mtu wa nyuma ya kaunta. Alisema sasa wanamtafuta yeye. Alisema hakuna aliyeumia, wote amewafungulia.

Nilimwambia nitakwenda polisi. Hapo ndipo alipozungumza maneno haya, na nayakumbuka kama yalivyo: "Mie sijaingia nyumba ya mtu, Humam. Aloingia ni wewe. Aloichomeka ni wewe, na umeandika mwenyewe kwenye daftari."

Kisha akalegeza sauti. Alisema ufunguo wa mafaili ya Bi Shariffa anao, umo kwenye kompyuta yake ya mkononi. Akasema: "Nyamaza tu. Kesho asubuhi atazisikia sauti za mumewe zote, na mie ntaacha. Ukenda polisi, nafuta kila kitu."

Niliichukua flashi nikatoka. Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Niliendesha gari mpaka Bandari ya Sultan Qaboos, nikakaa ndani ya gari nikalisoma daftari. Tangu mwanzo wa mwaka jana nyumba nilizoingia na flashi ile ni thelathini na moja. Tisa zimekwishapata balaa, ya Bi Shariffa ni ya kumi. Ishirini na moja bado zina kitu kile ndani, kimelala, na wenyewe wanaamini fundi wao amewasafishia.

Naomba iandikwe pia kwamba nilitaka kukubali. Niliwaza nichukue ufunguo kwanza, kisha nizipitie nyumba zote moja moja nikisafisha kimya kimya, mtu asijue. Niliwaza na mama yangu, alivyomlea. Kisha nikaona kwamba jambo lile si langu mimi kuliamua, ni la Bi Shariffa, mwenye sauti zile.

Leo tarehe 9 Novemba, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwa Bi Shariffa. Nilimweleza yote. Nilimwambia kilichomuumiza nilikiingiza mimi kwa mkono wangu bila ya kujua, na kwamba diski ya nakala nilikosea kumwambia aiache. Nilimwambia Badr anasema nini, na kwamba tukija hapa huenda akafuta. Nilimuuliza kama kuna rekodi yoyote aliyowahi kumtumia mtu. Alisema mbili, kwa simu, kwa binti yake Rahaf aliyeko Salala. Kati ya arubaini na tatu, hizo ndizo zilizo salama.

Aliniuliza nyumba nyengine ni ngapi. Nikamwambia. Aliyatazama mavumbi ya mezani pale kompyuta ilipokuwa. Baadaye aliingia ndani, akarudi amevaa baibui na mkoba mkononi. Alisema: "Twende. Marhoon asingependa kusikilizwa kwa njia hiyo."

Tulipofika kwenye lango la kituo alinisimamisha. Alisema atashuhudia kila nitakachosema kwa sababu anajua sidanganyi. Halafu akasema: "Lakini kompyuta yangu usiiguse tena, mwanangu."

Nimekabidhi flashi, daftari, kompyuta kuukuu niliyofanyia majaribio, na orodha ya nyumba thelathini na moja pamoja na namba za simu. Naomba wenye nyumba wapigiwe leo hii, waambiwe wazime kompyuta zao na wachomoe diski za nakala. Wakiuliza nani aliyewaletea, waambiwe ni Humam.

Nimeyasema niliyoyaona na niliyoyafanya, sikuongeza na sikuficha. Haya ndiyo maelezo yangu.

(Sahihi) Humam bin Saud

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Luteni Maan, kwa Kiswahili ninachokijua kwa kuzaliwa nacho, na tafsiri ya Kiarabu imeambatanishwa. Nimemsomea shahidi, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu saa saba kasorobo mchana.

Wakati shahidi akiendelea kuhojiwa, askari walifika dukani Ruwi saa sita na dakika tano. Badr amekutwa amekaa nyuma ya kaunta, hakupinga kukamatwa. Kompyuta yake ya mkononi imekutwa imefutwa yote, na mtaalamu wetu anasema hana matumaini ya kuupata ufunguo. Wenye nyumba ishirini na mmoja wameanza kupigiwa simu.

Nimempa shahidi habari hiyo baada ya kusaini. Nimemuuliza kama ana la kuongeza, amesema hana. Bi Shariffa bado yuko ukumbini akisubiri zamu yake ya kutoa maelezo. Shahidi ameomba habari ya ufunguo amwambie yeye mwenyewe. Nimemruhusu.

(Sahihi) Luteni Maan