Makombora ya Mdogo Wangu Hayaingii Kwenye Mzinga Wangu

Haya, mpotevu karudi! Tulikuhangaikia humu mpaka ukapata mke, ukatutupa kama maji ya kunawa, hata salamu hakuna. Leo roho inakuuma ndiyo unakumbuka una bibi gazetini. Haya, sema.

*Mpendwa Bibi, naomba msaada na naomba usinicheke, mimi ni mtu mzima, fundi majokofu, lakini nikitoka kazini naunda magari ya vita ya plastiki, yale madogo ya kuweka kabatini, na safari hii nimeunda mzinga wa Wasovieti unaojiendesha, mnene, mdomo mpana, nimeupiga msasa mpaka vidole vimechubuka, na mdogo wangu, ambaye ni mimi niliyemfundisha kushika kibano, kaunda lori la kuupelekea makombora, tuviweke kwenye ubao mmoja maonyesho ya Jumamosi, sasa Bibi, kila anayeingia sebuleni anaupita mzinga wangu na kuliinamia lori, oo tazama kamba, oo tazama visanduku, na juzi mke wangu naye kainama akasema, "Shemeji, mikono yako ina baraka!", mke wangu huyo huyo, ambaye mzinga wangu anaupangusa kwa kitambaa cha vyombo, basi roho ikanichoma, nikalikodolea lori macho kutafuta kosa, nikalipata, makombora aliyopakia ni membamba marefu, ya mzinga mwingine kabisa, wangu unakula manene, majaji wakiona watamkata alama, na mimi nimenyamaza, kila asubuhi ananiuliza, "Kaka, kuna cha kurekebisha?" namjibu, "Liko safi," je, nikinyamaza mpaka Jumamosi nitakuwa nimekosea sana?*

*Kaka Mtu*

Umeniomba nisicheke, nimeshindwa.

Pole, mjukuu wangu. Kumfundisha mtu kazi halafu yeye asifiwe mbele yako, tena na mkeo, kunauma. Hapo nakushika mkono. Lakini hiyo "liko safi" ya kila asubuhi, hapo nakushika sikio!

Mimi shule sikuona hata geti lake, ila niambie: hilo lori linampelekea nani makombora? Si wewe? Ubao si mmoja? Jaji akishalicheka lori atageuka autazame mzinga wako, umekaa mdomo wazi, umeletewa chakula kisichoingia. Unatia mchanga kwenye sufuria unayokula humo humo, baba.

Na hilo dogo. Kubwa ni kwamba huyo mtoto anakuuliza wewe. Hamuulizi jaji, hamuulizi mkeo. Heshima unayoililia kwa wageni wa sebuleni unapewa bure kila asubuhi, nawe unaitemea mate. Siku akijua kwamba uliona ukanyamaza, hatakuuliza tena, hata jambo la maisha yake.

Mkeo naye mwambie kwa mdomo, "Mke wangu, na wangu uinamie." Hukumuoa ili asome mawazo.

Leo kabla hujatia tonge mdomoni, mwambie mdogo wako makombora siyo. Na usijifanye umeyaona leo. Sema uliyaona juzi, wivu ukakuziba mdomo. Akinuna, mwache anune, ana haki. Kisha keti umsaidie kuunda manene, na sifa za lori ziwe zake peke yake.

Ukija tena kwangu, usije na barua. Njoo naye mwenyewe. Yeye abebe lori, wewe utangulie umfungulie mlango.