Mfuniko wa Mama Mkwe Unamrusha Mume Wangu

Mpendwa Dada Migdalia, nisaidie kabla sijahamia kwa dada yangu kule mjini Ponce, maana nimechoka. Mume wangu Heriberto, tunayemwita Beto, anacheza mpira wa kikapu wa kulipwa hapa Arecibo, mrefu kupita mlango, na miaka yote kazi yake ilikuwa kukaa chini ya kikapu na kupangua mipira ya wanaokuja kufunga, na kila akipangua mmoja mama yake anagonga mfuniko wa sufuria kule jukwaani na uwanja mzima unalipuka, sasa siku hizi nani anakuja chini ya kikapu? Hakuna! Wote wanatupia kule mbali, nyuma ya mstari wa pointi tatu, Beto anabaki peke yake, mfuniko kimya, mama mkwe kanuna, basi naye anawatokea mbio, anaruka, kumbe mtu kamzuga tu, hajatupa, anamwangukia, faulo, mitupo mitatu ya bure. Ijumaa tulikuwa mbele kwa pointi mbili, zimebaki sekunde, akaruka tena, wakafunga yote mitatu. Kocha kamwambia, "Simama, nyoosha mkono, usiruke. Jumamosi ukiruka hovyo, nakutoa kwenye timu." Mama mkwe kusikia hivyo akadakia, "Mwanangu si mlingoti wa bendera!" Sasa mimi nisemeje, mimi ambaye kila mechi napiga kelele mpaka sauti inakauka, "Ruka, Beto, ruka!" Mwanamume huyu haambiliki!

Nereida, Arecibo

Nereida, pole, lakini hebu soma tena barua yako. Nani anamwambia aruke? Wewe! Kocha anasema simama, mke anasema ruka, mama anagonga mfuniko, halafu mnamlaumu mwanamume wa watu? Ebo!

Mchezo umebadilika, mwenzangu. Mtupaji akiona mkono mrefu usoni pake, akasita, akampa mwenzake mpira, hapo Beto kamaliza kazi, ingawa hajapangua kitu. Shida ni kwamba hakuna anayemshangilia kwa hilo. Anaruka kuutafuta ule mlio wa mfuniko.

Leo hii, si kesho, kaa na mama mkwe umwambie kwa adabu, "Mama, mtu akimwogopa Beto asitupe, tugonge." Akikataa, Jumamosi pika wali wa mbaazi, ufunike kwa mfuniko huohuo, uuache jikoni mkienda uwanjani. Nawe neno "ruka" limeze. Beto akisimama imara, mkono juu, na mpira ukarudishwa nyuma, inuka upige makofi, hata kama uwanja mzima umekaa na watu wanakucheka. Atageuka kutafuta ni nani huyo. Akuone wewe.