Kushika Sikio

Kijiji cha Mwashilindi,
kwa njia ya Usevya,
Wilaya ya Mpanda.
21 Januari, 1996.

Mpendwa kaka Masalu,

Mwangaluka, kaka. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Watoto nao? Kifua chako je, kimeachia, au bado unakohoa usiku na kumsumbua mke wa watu? Nijibu yote hayo kabla ya kuniandikia jambo lingine, maana wewe una tabia ya kuficha maradhi. Sisi huku ni mhola duhu, wazima wote, ila moyo wangu haujatulia. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani nimezeeka.

Mvua mwaka huu zimekuja kwa fujo. Majaruba yamejaa na mpunga tumeupandikiza kwa kusaidiana na Hilaria, yule jirani yetu Mpimbwe niliyekuandikia habari zake. Ng'ombe wako salama, na yule mweupe uliyemwacha kwetu amezaa jike. Barabara ya kwenda Mpanda imekatika, kwa hiyo barua hii nampa mtu wa baiskeli, na itakufikia Mungu akipenda.

Sasa kaka, kaa vizuri nikueleze. Ni habari ya Lucia, mpwa wako. Nimepigwa na butwaa ambalo mpaka leo sijatoka ndani yake.

Unajua kwamba Lucia hasikii tangu ile homa ya utotoni. Unajua pia kwamba kila Januari shemeji yako Nyanda alikuwa anampeleka kuandikishwa darasa la kwanza, na kila Januari anarudi naye. Kipimo ni kilekile tulichopimwa sisi: mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua, unaandikwa. Huku kwetu watoto walikuwa wanaingia ofisini kwa mwalimu mkuu mmoja mmoja, mlango umefungwa. Lucia akiingia, tunaambiwa amekataa kushika sikio. Mwaka mmoja alimsukuma mwalimu. Mwaka uliofuata akang'ata mtu. Wakasema huyu si kiziwi tu, akili nayo haipo, mrudisheni nyumbani.

Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Mwalimu mkuu alishasema umri unapita, na akirudishwa tena hatamwandika kamwe. Nyanda naye alishakata tamaa. Aliniambia bora mtoto aende na ng'ombe, angalau ng'ombe hawamwulizi kitu. Nilikasirika, kaka, tukashinda siku nzima bila kusemezana.

Kabla ya kuandikisha watoto, uliitishwa mkutano wa kijiji kuhusu madawati. Mwenyekiti wetu ni mzee Lyamba, mtu wa maneno mengi. Akasema tukate mininga iliyobaki pale chemchemi, tupasue mbao, kila mtoto akae kwenye dawati. Hilaria akasimama akasema ile miti ndiyo inayoshika maji, mkiikata mtakuja kunywa madawati. Watu wakacheka, lakini walimwelewa. Isitoshe, mbao za mwaka juzi zilitoka shuleni zikageuka milango, na kila mtu anajua milango hiyo iko nyumba gani. Mwisho tukakubaliana miti ya chemchemi isiguswe, mbao ziombwe kwa kibali kutoka msitu wa mbali, na zihesabiwe mbele ya watu.

Mzee Lyamba, akitaka kutupoza, akasema madawati yatatosha kila mtoto wa kijiji hiki. Hapo nilishindwa kukaa. Unanijua mdomo wangu. Nikasimama, nikamwuliza, na wangu umemhesabu?

Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Mama Lucia, sisi tunazungumzia watoto wa shule. Sasa huyu wako wa hivi..." Akagusa sikio lake.

Nikueleze kidogo hapo. Huku watu wana adabu zao. Hawatamki neno kiziwi mbele ya mzazi, wanaona ni tusi. Badala yake wanagusa sikio. Wakubwa wanagusa taratibu, kama mtu anayejikuna. Watoto kisimani hawana utaratibu, wanalivuta sikio na kutoa ulimi, halafu wanakimbia. Nyumbani kwangu hakuna anayefanya hivyo. Sisi tukimtaka tunapunga mkono au tunamgusa begani, basi.

Lucia alikuwa amekaa miguuni pangu. Mzee alipogusa sikio, mtoto akainuka, akachota tope, akamrushia. Lilimpata kwenye shati. Mkutano ukavurugika. Wengine wanacheka, wengine wanataka achapwe. Mwalimu mkuu akasimama akasema, "Mnaona wenyewe. Hivi ndivyo anavyonifanyia ofisini kila mwaka." Halafu akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, sisemi uongo. "Mama, labda wewe atakusikiliza. Hebu mwonyeshe hapahapa, ashike sikio, tumalize."

Kaka, nilifurahi. Nilidhani Mungu amenifungulia mlango. Nikapiga magoti mbele ya mwanangu, nikanyanyua mkono, nikaupitisha juu ya kichwa, nikashika sikio langu, nikamtabasamia ili aige.

Hakuiga. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, na sitaki kutazamwa tena. Uso ulimshuka wote. Ni uso uleule anaorudi nao kisimani watoto wakishamzomea, ila safari hii ulikuwa unaniangalia mimi. Akageuka, akapita katikati ya watu, akaenda zake.

Nilibaki nimepiga magoti, mkono bado uko sikioni. Ndipo nikaelewa. Mtoto hajawahi kukataa kipimo. Miaka yote hiyo anaingizwa ofisini, mlango unafungwa, mtu mzima mwenye fimbo anamtazama usoni na kushika sikio. Yeye anaona nini? Anaona anatukanwa. Wewe ungefanyaje? Mimi ningeng'ata zaidi yake.

Nikawaambia palepale. Sikumbuki nilivyopanga maneno, Hilaria anasema nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja, nachanganya Kiswahili na Kisukuma. Niliwaambia nyie ndio mliomfundisha mtoto huyu kwamba kushika sikio ni matusi, halafu nyie haohao mnampima kwa matusi hayo, halafu mnasema hana akili. Mzee Lyamba alikuwa anapangusa tope kwenye shati na hakuinua macho. Mwalimu mkuu alikaa, akavua kofia, akaishika tu mkononi. Naye alishtuka, niliona. Mpaka leo najiuliza ilikuwaje kijiji kizima, na walimu wake, na mimi mama mtu, jambo lililo wazi namna hii likatupita.

Hilaria ndiye aliyepata la kusema. Alisema shida ni ule mlango unaofungwa. Watoto wapimwe nje, kwenye mstari, mbele ya wazazi wote, mtoto wa mwenyekiti na mtoto wa mchungaji wa ng'ombe sawasawa. Kama ni haki, kwa nini ifanyike chumbani? Mzee Lyamba akaanza kusema utaratibu siku zote ni ofisini. Watu wakanyoosha mikono bila kusubiri amalize. Ikapita.

Lakini nyumbani hali ilikuwa mbaya. Lucia alikataa kula kwa mkono wangu. Nikimsogelea anaondoka. Nilijaribu kumweleza kwa ishara zetu zote, lakini kaka, utamwelezaje mtu kwamba ulichofanya sicho ulichofanya? Kila nikinyanyua mkono kueleza, anaangalia pembeni. Akahamia kwa Hilaria kulala. Nyanda, ambaye unajua si mtu wa machozi, nilimkuta zizini ameegemea boma anafuta uso. Akasema moshi wa samadi. Sikumbishia.

Siku ya kuandikisha, nilikaa mbali, nyuma ya akina mama wengine, nisije nikamharibia. Hilaria alimleta amemshika mkono. Meza ilitolewa nje. Mtoto wa kwanza akaitwa, akanyanyua mkono, akashika sikio. Nikamwona Lucia anakunja uso na kukaza ngumi. Nikasema moyoni, tayari, yameisha. Wa pili akashika sikio. Wa tatu akawa mjukuu wa mzee Lyamba, na yeye akashika sikio, mwalimu akamwandika, akapelekwa darasani. Lucia akaachia ngumi. Akaanza kuangalia mikono, halafu kalamu ya mwalimu, halafu mlango wa darasa. Mkono, kalamu, mlango. Aligeuka hata akawatazama wazazi, kuona kama kuna anayecheka. Hakuna aliyecheka.

Akamwachia Hilaria, akaingia kwenye mstari mwenyewe. Zamu yake ilipofika hakusubiri kuonyeshwa. Akanyanyua mkono, akaupitisha juu ya kichwa, na mkono ukalipita sikio, ukalipita shavu, vidole vikafika kidevuni. Kaka, kipimo ni sikio. Yeye alifika kidevuni. Mwalimu mkuu aliangalia ule mkono muda mrefu kabla ya kushika kalamu, na aliponyanyua uso macho yake yalikuwa mekundu.

Ameandikwa. Namshukuru Mungu, lakini furaha yangu bado ina mshtuko ndani yake, kama mtu aliyeokolewa mtoni na bado anatapika maji. Tena kuandikwa si kufundishwa. Mwalimu mkuu ameniambia ukweli kwamba hajui atamfundishaje asiyesikia, na nilimheshimu kwa kusema hivyo. Huko kwenu Tabora nasikia kuna shule ya viziwi. Nakuomba uende, uulize wanafundishaje, wanatumia ishara gani, wanaanzia wapi. Andika kila kitu, au kama kuna kitabu kinapatikana, tutumie. Sitaki mwanangu aondoke hapa. Nataka walimu wa hapa wajue. Ukichelewa nitakuja mwenyewe, na hutapenda.

Nisalimie wifi, na mama Malale mzee wetu, umwambie nywele zangu bado nyeusi. Nyanda anakusalimu sana, na Hilaria pia, ingawa hakujui. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe kifua kizima na miaka mingi.

Jambo moja nimelibakiza makusudi, maana nikilisema mapema ningeshindwa kuandika mengine. Alipomaliza kuandikwa, Lucia hakuingia darasani na wenzake. Alikuja mpaka pale nilipojificha nyuma ya akina mama. Nilishusha macho. Akaushika mkono wangu, akaunyanyua, akaupitisha juu ya kichwa changu mpaka vidole vikagusa sikio. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu, ndipo akakimbilia darasani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na mdomo wangu wote,

Minza