Mkono Unaganda Pale Pale

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana zimebaki siku tisa na sijui uso wangu nitauficha wapi. Mimi ni mpiga piano, nimerekodi konseto tatu za mtunzi mmoja wa zamani, zile tungo ambazo piano na okestra hujibizana, na kila anayezisikia anasema mimi na mtunzi huyo ni damu moja, hata mama huwaambia majirani kwamba marehemu angefufuka angenitafuta mimi kwanza, na ni kweli nampenda, nikizipiga tungo zake najisikia niko kwetu, ila kuna siri tunayoijua mimi na fundi wa sauti tu, kwamba kwenye sehemu ya polepole ya konseto ya tatu mkono wangu wa kushoto uliganda, nikarudia, ukaganda, nikarudia mpaka jioni, na fundi akachukua vipande kumi na kimoja akaviunga vikawa kitu kimoja kisicho na alama, na sasa nimealikwa kuipiga hiyo hiyo ukumbini, mfululizo, na tiketi zimekwisha. Nafanya mazoezi kwa kuwasha rekodi yangu na kuifuatisha, nikifika pale inanipita. Kaka yangu anasema nifunge bandeji nidai nimeteleza bafuni. Naogopa mno. Nifunge?

Mwenye Mkono Mzito

Mwenye Mkono Mzito, pole sana, nimeisoma barua yako. Lakini tuambiane ukweli. Unashindana na mtu ambaye hayupo, maana aliyepiga ile rekodi ni wewe pamoja na mkasi wa fundi. Mpe mama aifungie kabatini leo.

Bandeji usiifunge, na kaka yako mwambie akae na akili zake. Ukiifunga mara moja utaifunga kila ukialikwa, na mtunzi wako utaishia kumsikiliza kwenye viti kama sisi wengine. Kabla ya mazoezi ya kwanza na okestra, mvute pembeni kiongozi wa okestra umwambie, "Pale mkono wangu unaganda." Utatetemeka. Tetemeka, ila sema, kwa sababu hawezi kukusubiri mahali asipopajua. Nyumbani ipige yote mbele ya mama, mara moja kwa siku, na mkono ukiganda usirudi nyuma, endelea na wa kulia hadi mwisho.

Siwezi kukuahidi kwamba siku hiyo hautaganda. Huenda ukaganda mbele ya ukumbi mzima. Ukiganda, endelea, kwani ndipo watu watakuwa wanakusikia wewe kwa mara ya kwanza.