Simu Iliyofungwa Kwenye Soksi

Gungu,
Kigoma.
9 Septemba 2024.

Mpendwa Baba Mdogo Wilfred,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Mama Mdogo Elida. Kifua cha Yona kimepona? Baba anasema vumbi la Dodoma ndilo linalomtesa. Sisi hapa tunaendelea vizuri, isipokuwa Bibi na goti lake. Ukimwuliza sana linaumaje, anakujibu kwamba goti ni lake.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu zipo. Lakini unanijua, Baba Mdogo. Ukinipigia nasema "ndiyo", nasema "asante", basi. Hili lisingetoka hivyo.

Ndani ya kifurushi alichokuletea dada Mwanvua kuna simu, nimeifunga kwenye soksi. Ni ya Happiness, ninayesoma naye kidato cha tatu. Iliingia maji kwa sababu yangu.

Mama yake alifariki mwezi wa pili. Tarehe 31 Agosti Happiness alikuwa anatimiza miaka kumi na saba, na mjomba wake hakutaka siku hiyo imkute nyumbani. Akatuachia nyumba yake ya shamba kule Simbo, Ijumaa hadi Jumapili. Tulikwenda sita wa darasani, Heritier na Adolf wakiwemo, pamoja na mama yake mkubwa wa kutuangalia. Nyumba ina vyumba tisa na baraza inayoizunguka yote, na nje ni michikichi tu. Nilijiona mdogo mle ndani. Hata kuuliza choo kiko wapi niliona aibu.

Jumamosi asubuhi Happiness alinikuta barazani peke yangu. Akaniwekea simu sikioni. Ilikuwa sauti ya mama yake, ujumbe aliomtumia zamani. Alisema huwa hampi mtu aisikilize. Sijui kwa nini alinichagua mimi, labda kwa kuwa sisemi.

Unajua desturi ya birthday: lazima mtu amwagiwe maji. Heritier alikuwa ameshajaza ndoo mbili nyuma ya jiko. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwomba Happiness simu kwanza, nisingizie kupiga picha. Nilimfuata mara mbili. Kila nikifungua mdomo naikumbuka ile sauti, naona kama namwomba mama yake. Nikarudi bila kuiomba.

Heritier akachungulia. "Tayari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Baba Mdogo, niliitikia. Nilidhani Happiness ameiacha simu chumbani.

Alikuwa ameichomeka kiunoni, ndani ya khanga. Maji yalipomwagika alipiga kelele, sisi tukacheka. Ilituchukua muda kugundua kwamba yeye hacheki.

"Mimi niliuliza!" Heritier akasema. "Si niliuliza?"

"Wewe kila kitu kwako mchezo," Adolf akamrukia. "Nyie wa ng'ambo hamna breki!" Wazazi wa Heritier ndio waliotoka ng'ambo ya ziwa; yeye amezaliwa hapahapa Bangwe. Akanitazama, akangoja. Mimi nikatazama ndoo. Hapo akainamisha kichwa, akabeba lawama peke yake.

Tuliiweka kwenye mchele siku mbili. Kisha tukaiweka chaji, na nadhani hapo ndipo tulipoimaliza. Fundi wa hapa Gungu ameifungua, akasema haiwezekani. Zile sauti hazikuhifadhiwa mahali pengine.

Shuleni ukimkanyaga mtu unasema "sori", mnapita. Hii wiki nzima nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, likawa dogo mno.

Jana baada ya ibada nilikwenda kwao. Nikamkuta anachambua dagaa. Nikamwambia yote, kwamba Heritier hana kosa, na kwamba baba yangu mdogo ni fundi wa simu. Aliendelea kuchambua kama hajasikia. Kisha akasema, "Wewe ulimsikia Mama. Alisemaje? Sema kama yeye."

Mimi, ambaye darasani nasoma mpaka mwalimu anasema "paza sauti". Nikasema.

"Hapana. Hapo kwenye wingu alivuta pumzi."

Nikarudia. Mara ya tatu alifunika uso kwa khanga. Halafu akaingia ndani, akaniletea simu.

Heritier nilimkuta ufukweni. Aliniambia, "Siku nyingine ukiitikia, nitakuuliza mara tatu kama Petro." Hakucheka, lakini alinipa mkono. Leo nimewaambia na wengine. Adolf bado hajamwomba radhi.

Ukifanikiwa kuifungua, sauti yenyewe utaijua kwa maneno haya: "Happy mwanangu, wingu hilo limekaa vibaya. Anua dagaa kwanza, mambo ya simu baadaye. Umenisikia? Haya." Halafu alisahau kuzima, utasikia anafukuza kuku.

Ikishindikana tuambie wazi. Happiness ameniomba niwe nakwenda kwao Jumapili, nimsemee kama mama yake. Nimekubali, na safari hii kwa mdomo.

Nisalimie Mama Mdogo, na Yona mwambie Bibi anamwekea karanga. Mungu aongoze mikono yako kwenye kazi hii.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Skolastika